Siku ya kwanza kila gundi hushika

Chukua vipande viwili vya alumini vilivyotoka dukani sasa hivi, vifute vumbi kwa kitambaa chochote, vipake gundi nzuri ya epoksi, vibane usiku kucha. Kesho asubuhi hutaweza kuvitenganisha kwa mikono. Utavuta, utavigonga sakafuni, na vitakaa. Mwenye gari atafurahi, atalipa, ataondoka. Ndiyo maana kazi hii ya kuunganisha alumini kwa gundi ni ngumu kuifundisha: siku ya kwanza kazi mbovu na kazi nzuri hufanana kabisa, na aliyezifanya ndiye pekee anayejua ipi ni ipi.

Mimi ni fundi wa mabodi ya magari ya baridi hapa Mombasa, yale ya kubebea samaki, nyama na maziwa. Ukuta wa bodi ni shiti ya alumini iliyobandikwa kwa gundi juu ya povu gumu, na pembeni kuna fremu za alumini zilizounganishwa kwa gundi pamoja na riveti chache. Gari hupakiwa samaki na barafu alfajiri, jua hulichoma mchana kutwa, jioni linamwagiwa maji, na hewa yenyewe ya pwani ina chumvi. Ukitoa bahari, sijui mahali panapokitesa kiungo cha gundi kuliko hapo. Kwa hiyo mtu akiniuliza gundi gani ni nzuri, huwa namuuliza kwanza bati lake ameliandaaje. Mara nyingi mazungumzo huishia hapo, na mimi huona uchungu, kwa sababu gundi hiyo anayotaka kununua kwa bei kubwa atakuwa ameitupa.

Aliyenifundisha alikuwa mzee wa ndege. Alifanya kazi ya mabati kwenye karakana za East African Airways kule Embakasi mpaka shirika lilipovunjika mwaka 1977, akarudi pwani kwao na kuingia kwenye mabodi. Shirika lile lilirusha Comet 4 kuanzia 1960, kisha Fokker F27, na ndege zote hizo zilikuwa na sehemu nyingi za mwili zilizounganishwa kwa gundi, bati kwa bati. Gundi yenyewe ni Redux, iliyobuniwa Uingereza mwaka 1941 na Norman de Bruyne na wenzake kijijini Duxford, karibu na Cambridge. Kampuni yake inahusishwa pia na Araldite, gundi ya epoksi ambayo leo ipo kwenye kila duka la vifaa vya ujenzi. Watu walipomshangaa Mzee, kwamba ndege ya abiria inawezaje kushikwa na gundi, aliwajibu kwa swali: "Riveti inataka tundu. Ufa huanzia wapi?"

Hakuja na Redux pwani. Gundi ile inataka joto na mgandamizo ambao karakana ya mtaani haina. Alichokuja nacho ni adabu ya kuandaa bati, na ndiyo ninayotaka kuieleza hapa.

Alumini haikai uchi. Ukiikwangua, hewa huivika upya papo hapo, kabla hujauweka msasa chini. Vazi hilo ni utando wa oksaidi, yaani alumini iliyoungana na oksijeni ya hewa, wenye unene wa nanomita chache tu, na huwezi kuuona kwa jicho. Gundi haigusi alumini hata siku moja. Inagusa utando huo. Basi swali la fundi ni hili: huu ni utando wa namna gani? Ule uliozaliwa sasa hivi juu ya bati safi umeshikamana na alumini yake vilivyo. Ule uliokaa bohari miezi na miezi umekunywa unyevu, umechanganyika na mafuta ya mashine za kiwandani, umenenepa bila mpangilio. Gundi itaushika barabara huo wa zamani. Utando wenyewe ndio utakaoliachia bati, na siku hiyo utaona gundi yote imebaki upande mmoja na alumini inang'aa upande wa pili.

Kinachouachisha ni maji. Molekuli za maji ni ndogo, hupita ndani ya gundi yenyewe na hutambaa zaidi kwenye mpaka wa gundi na bati. Yakifika kwenye oksaidi ambayo haikulindwa, huigeuza kuwa hidroksaidi, kitu kilichofura na kisicho na nguvu. Haitokei kwa wiki. Inachukua masika moja, mbili, wakati mwingine miaka. Kule angani ilichukua miaka karibu ishirini. Tarehe 28 Aprili 1988, Boeing 737 ya Aloha Airlines ikitoka mji wa Hilo kwenda Honolulu, visiwani Hawaii, iling'oka paa ikiwa futi 24,000 juu, kipande chenye urefu wa futi 18 hivi. Mhudumu mmoja wa ndege alichukuliwa na upepo akafa. Rubani aliwatua waliobaki. Ndege hiyo ilikuwa imeruka mara 89,680. Viungo vya mwili wake vilikuwa vimeunganishwa kwa epoksi inayokauka bila joto, pamoja na safu tatu za riveti. Epoksi hiyo ilitunzwa kwenye baridi, na ilipotolewa, unyevu wa hewa uliweza kutua juu yake kabla ya kufungwa ndani; maandalizi ya bati nayo yalikuwa na kasoro. Gundi ilipoachia, maji ya chumvi yakaingia, mzigo wote ukahamia kwenye riveti, na nyufa zikaanzia kwenye matundu. Uchunguzi ulilaumu pia ukaguzi ambao haukuziona dalili hizo. Mimi hili la unyevu juu ya gundi baridi ndilo linalonikaa rohoni, kwa sababu naishi Mombasa, na nitalirudia.

Tuanze na mafuta, maana hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na wanaoziharibu ni watu wenye bidii kabisa. Kijana huchukua msasa kwanza, anasugua mpaka bati linang'aa, kisha anafuta kwa asetoni. Macho yake yanamwambia amemaliza. Lakini mafuta yaliyokuwa juu ameyasukuma ndani ya mikwaruzo, na kitambaa hakiwezi tena kuyafikia. Mafuta hutoka kwanza, msasa unafuata, kisha unasafisha tena. Mpangilio huo haugeuzwi.

Asetoni nayo hufahamika vibaya. Haili mafuta, inayayeyusha tu. Ukiiacha ikauke yenyewe juu ya bati, mafuta yanabaki palepale, ila sasa umeyatandaza sawasawa kila mahali. Ndiyo maana tunatumia vitambaa viwili, mkono huu chenye asetoni, mkono ule kikavu. Cha kwanza kinayeyusha, cha pili kinafuata mara moja kuyabeba kabla asetoni haijakauka. Kwa joto letu hukauka haraka mno, kwa hiyo unafanya eneo dogo, la viganja viwili vitatu, ndipo unasogea. Unafuta kuelekea upande mmoja, hurudi ulikotoka. Kitambaa kikichukua rangi, kinatupwa. Na asetoni inamiminwa kutoka kwenye chupa kwenda kwenye kitambaa; kitambaa hakichovywi kwenye kopo, maana ukichovya mara moja kopo zima limekuwa la mafuta. Mlango uwe wazi, na asiwepo mtu wa kuchomelea karibu.

Vitambaa vyenyewe nimewahi kuvibishania na wauzaji wa vifaa mpaka wakanichoka. Fulana kuukuu hazifai. Zina rangi, na nyingi zimefuliwa kwa dawa ya kulainisha nguo, ambayo huacha utelezi wake. Tunanunua pamba nyeupe mpya, tunaifua kwa maji tu, tunaianika ndani. Petroli haifai, ina vitu visivyokauka. Thina ya rangi inayouzwa kwa chupa za soda haifai, hujui ni mchanganyiko gani. Sanitaiza ya mikono, iliyojaa kila mahali tangu wakati wa korona, haifai pia ingawa ni alkoholi, kwa sababu imetiwa gliserini ili isikaushe ngozi, na gliserini hiyo inabaki kwenye bati.

Kisha kuna silikoni. Ile dawa ya kung'arisha matairi na dashibodi hairuhusiwi kupita geti letu. Ukiipuliza mwisho wa karakana, mvuke wake unatua mwisho wa pili, na asetoni haiiondoi kwa urahisi. Vivyo hivyo mafuta ya nazi kwenye mikono na nywele. Hatumkatazi mtu kujipaka mafuta kwao, lakini anayeandaa bati anavaa glovu za nitraili zisizo na unga, na anazibadilisha akishajikuna kichwa au kushika simu.

Tunajuaje kwamba bati ni safi? Tunaliuliza kwa maji. Unalimwagia bati lililoinamishwa kidogo maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa ya kuongeza kwenye betri, kisha unaangalia. Bati safi huyatandaza maji kama kioo kimoja kisichokatika, na yanakaa hivyo nusu dakika au zaidi. Penye mafuta maji hukimbia, hujikusanya matone, na hapo ndipo pa kurudi. Ya kisima usiyatumie. Visima vyetu vina chumvi. Jaribio hili nalipenda kwa sababu haliwezi kubembelezwa, ila lina mahali pawili pa kukudanganya. Bati lenye mabaki ya sabuni nalo hutandaza maji vizuri sana. Na maji hayakwambii kitu juu ya utando dhaifu wa oksaidi. Yanakwambia juu ya mafuta tu. Kupita jaribio ni ruhusa ya kuendelea, basi.

Msasa hauna maneno mengi. Namba 120 hadi 180, mpya, haujawahi kugusa chuma cha pua wala chuma cheusi. Pedi za Scotch-Brite zinafaa pia. Brashi ya waya iliyotumika kwenye chuma ni sumu kwa alumini: inaacha vipande vya chuma vinavyoanzisha kutu yake palepale chini ya gundi. Unasugua kwa kukatisha pande mbili, mpaka ule mng'ao wa kiwandani umekwisha kabisa na bati limekuwa na rangi moja ya kufifia. Vumbi unaliondoa kwa brashi safi au mashine ya kunyonya, kisha vitambaa viwili tena. Anayetaka kutumia hewa ya kompresa aipulizie kwanza karatasi nyeupe kwa dakika moja halafu aitazame. Karatasi za karakana nyingi zitatoka na madoa ya mafuta na maji.

Kuanzia hapo saa inahesabu. Sisi tunajipa saa moja kati ya msasa na gundi, na siku za masika pungufu ya hapo.

Sasa umande. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80, hali ya kawaida kabisa hapa asubuhi za Aprili, huanza kutoa maji juu ya kitu chochote chenye nyuzi 26. Shiti iliyolala juu ya sakafu ya saruji usiku kucha inaweza kuwa na nyuzi 26 bila shida. Hutaona matone. Kidole hakitakuambia. Lakini utando mwembamba wa maji upo, na unaufungia ndani ya kiungo. Kanuni ya watu wa rangi za meli, ambayo tumeiazima, ni kwamba bati liwe na joto linalozidi kiwango cha umande kwa nyuzi 3 angalau. Kwa hiyo tuna kipimajoto cha kugusa bati na kipima unyevu cha ukutani, na shiti za kazi ya leo husimamishwa kwenye rafu mapema, hewa ipite pande zote. Mara nyingi gundi tunaipaka baada ya saa sita mchana, wakati joto limepanda na unyevu umeshuka. Mwenye gari anayesubiri tangu asubuhi huona tunakaa bure. Na gundi iliyotoka friji haifunguliwi mpaka kopo lake limefikia joto la chumba. Naliandika hili kwa kalamu nyekundu juu ya mlango wa friji, na kila kijana mpya naye namsimulia habari ya ile ndege ya Hawaii.

Wapo wanaoniuliza juu ya asidi, kwa sababu wamesikia viwanda vya ndege hutumia asidi. Ni kweli. Kwa miaka mingi vilitumia asidi ya salfa iliyochanganywa na daikromati, ambayo ina kromiamu, na Ulaya walianodisha, yaani waliikuza oksaidi kwa umeme, ndani ya asidi ya kromiki. Miaka ya 1970 Boeing walileta njia ya asidi ya fosforiki na umeme wa volti 10 hivi: bati linakaa kwenye beseni kwa dakika kama ishirini, na oksaidi inayoota juu yake ina vishimo vidogo mno ambavyo praima, ile rangi ya kwanza inayopakwa kabla ya gundi, huingia na kung'ang'ania. Ni kazi nzuri sana. Lakini inataka beseni, maji safi mengi, vipimo vya kila siku na mahali pa kutibu maji machafu, na hiyo kromiamu ya njia za zamani husababisha saratani. Anayekwenda dukani kununua asidi ya kusafishia choo amimine juu ya alumini hafanyi jambo hilo hata kidogo. Asidi ile ni ya hidrokloriki. Inaacha kloridi ndani ya bati, nayo kloridi ndiyo inayoanzisha kutoboka. Kostiki soda nayo huacha masizi meusi kwenye aloi zenye shaba, ambayo yanataka asidi nyingine ya kuyaondoa. Nawaomba vijana waache kabisa.

Kinachowezekana kwetu ni silani. Inakuja kama kimiminika, unaichanganya na maji kwa kiasi cha asilimia moja, unaiacha muda ifunguke, kisha unaipaka kwenye bati lililokwaruzwa sasa hivi na kulikausha kwa joto. Upande mmoja wa molekuli yake hushikana na oksaidi, upande wa pili na epoksi, na maji yanapata shida kupita katikati. Watafiti wa ulinzi na jeshi la anga la Australia ndio walioifanya njia ya aina hii, ya kupiga mchanga wa alumina na kupaka silani, kuwa kazi ya kila siku ya kutengeneza ndege mbali na kiwanda. Mchanganyiko haulali: wa leo ni wa leo. Inaongeza gharama, na si kila mteja anaikubali, lakini kwa bodi la samaki mimi siifanyi kazi bila hiyo tena.

Yote haya ningeyasema na mtu angeweza kubisha, kama si kabari. Unagandisha vipande viwili virefu vya bati nene, ukiacha ncha moja bila gundi. Baada ya kukauka unapigilia kabari kwenye ncha hiyo, viachane kidogo, na unaweka alama ufa ulipoishia. Kisha unaviweka penye joto na unyevu na kuangalia ufa unatembea kiasi gani. Jaribio hili lilikuzwa Boeing miaka hiyohiyo ya 1970, na maabara zina vyumba maalumu vya joto na unyevu. Sisi tuna ndoo yenye mfuniko, maji kidogo chini, waya wa kuwekea vipande, na paa la mabati lenye jua la Mombasa. Ukivuta vipande vile kwa nguvu ya kawaida siku ya kwanza, lililoandaliwa vizuri na lililofutwa tu vinaweza kukupa namba zinazokaribiana. Kwenye ndoo, lile lililofutwa tu ufa wake hukimbia baada ya siku moja au mbili, na mara nyingi hufika mwisho vipande vikaachana vyenyewe. Kila kijana ninayemchukua hutengeneza vyake, vya namna zote mbili, na kuvipandisha paani mwenyewe. Baada ya hapo simsemeshi tena juu ya vitambaa.

Ukifungua kiungo kilichokufa, tazama gundi ilipo. Ikiwa imebaki pande zote mbili, imepasuka katikati yake, basi gundi ilizidiwa nguvu na bati liliandaliwa sawa. Fikiria ukubwa wa kiungo au mzigo. Ikiwa imebaki upande mmoja na upande wa pili ni alumini tupu, usiende kununua gundi kali zaidi. Kugonga kwa sarafu, na hata mashine za sauti wanazotumia kwenye ndege, hukuonyesha pale palipoachana tayari. Hakuna kifaa kinachoweza kupima kwa nje kiungo kilichoshika kitashika kwa nguvu gani mwakani.

Ndiyo maana sikubali kazi ya sindano. Mteja analeta bodi lililotengenezwa kwingine, shiti imefura ubavuni, na anataka nitoboe tundu dogo, niingize epoksi kwa bomba la sindano, nibane, gari liondoke jioni. Ndani ya uvimbe ule bati limeshageuka hidroksaidi, lina chumvi, lina mabaki ya gundi ya zamani, na hakuna kitambaa wala msasa unaoweza kufika. Nikijaza, sauti ya kugonga itakuwa nzuri na uvimbe utaanza upya kando yake. Namwonyesha, namweleza, namtajia bei ya kuvua shiti nzima mpaka ukingoni, kukwangua mpaka alumini tupu na kuanza na vitambaa viwili. Asipoweza bei hiyo, napiga riveti kuzunguka uvimbe, naziba na silanti ya poliyuretheni, na kwenye risiti naandika hivyo hivyo: riveti na silanti, kiungo cha gundi hakikutengenezwa.